Oili ya gari tuimwage kwa nani?

Ndugu msomaji, leo tunaomba utuwie radhi. Hatutaandika juu ya uchaguzi, wala katiba, wala wale waliotufanya tuihame nchi yetu na kalamu zetu kwapani. Tutaandika juu ya oili ya gari. Na kama unadhani hilo ni jambo dogo, basi bila shaka hukuwepo barazani kwetu mwezi uliopita, pale watu wazima, wenye mvi zao, walipokaribia kushikana mashati kwa sababu ya oili isiyotimia lita tano na filta ya ukubwa wa kikombe cha chai.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwenzetu mmoja, hapa katika mji tunaoishi kaskazini ya London, anaendesha teksi, zile za kuitwa kwa simu. Gari lake ni Prius alilolinunua kwa mkopo. Gari hilo ndilo lililokuwa likilipa kodi ya nyumba hapa, ada ya watoto wawili wa marehemu dada yake kule Tanga, na dawa za presha za mama yake. Kwa miaka mitatu alikuwa akimwaga oili kwa fundi wetu, mtu wa nyumbani, mwenye yadi nyuma ya maghala. Pauni 40 mkono kwa mkono, habari za nyumbani, chai ya tangawizi, kwaheri. Karatasi hakuna. Alfajiri moja, akirudi kutoka uwanja wa ndege wa Luton, taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi. Akasema moyoni, nitafika. Hakufika. Injini ilinoki kwenye barabara ya M1, na gari likaburutwa.

Mwenzetu huyu alikuwa na dhamana ya gari aliyokuwa akiilipia kila mwezi. Akapiga simu kwa matumaini. Wakamwambia vizuri, tunaomba risiti za sevisi zako zote, zenye tarehe, maili za gari na aina ya oili iliyotumika. Hana hata moja. Dai likatupwa.

Hapo ndipo baraza lilipogawanyika. Wako waliosema fundi amemmaliza mwenzetu, atangazwe, asiendewe tena. Wako waliosema huyu ni ndugu yetu, ana watoto, tusimchome kwa jambo ambalo hakuna ushahidi nalo. Na wako wale wajuaji wa siku zote, waliosema tangu zamani walitwambia: gari linapelekwa kwa wakala wa kampuni, kwenye vioo na viyoyozi, si vichochoroni.

Sisi tulinyamaza siku ile, kwa sababu kazi yetu ya zamani ilitufundisha kusikiliza upande wa pili kabla ya kuandika. Siku ya pili tukaenda yadini. Fundi alikuwa chini ya gari, akatoka taratibu, akafuta mikono.

"Kaka," akatwambia, "hawa ndugu zetu wanataka bei ya udugu na kazi ya wakala. Mtu anakuja na galoni aliyonunua soko la Jumapili, haijulikani imetoka wapi, ananiambia mimina hii. Nikimwambia hii siyo ya gari lako, ananiambia namtafutia pesa. Basi namimina."

Tukamwuliza, na yule wa Prius? Akasema, alikuwa akija na oili yake mwenyewe, na mara ya mwisho alikuja maili 18,000 zimeshapita tangu ile ya kabla yake. Tulipomrudia mwenzetu, aliinamisha kichwa. Ni kweli. Toyota hapa Uingereza wanasema maili 10,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia, na dereva wa teksi anaweza kuzimaliza maili 10,000 katika miezi minne. Yeye alikuwa akihesabu mwaka, hahesabu maili.

Basi nani mkosa? Hatuwezi kujua, na hilo ndilo linalotuuma. Mwenzetu hawezi kuthibitisha kwamba alihudumia gari. Fundi naye hawezi kuthibitisha kwamba alimimina kile alichopewa, wala kwamba alionya. Karatasi moja ya senti chache ingewalinda wote wawili. Sisi watu wa nyumbani tunaona kumdai risiti mtu wa kwenu ni kama kumwambia humwamini. Mbona tukiozesha binti tunaandikishana, tena mbele ya mashahidi?

Sasa turudi kwa wajuaji wetu wa vioo na viyoyozi. Inabidi tukiri jambo ambalo barazani hatukulisema. Mwaka juzi sisi wenyewe tulimkimbia fundi wetu. Tulipeleka gari letu kuukuu kwenye gereji moja kubwa, yenye matawi, wafanyakazi wamevaa sare, kahawa ya bure, televisheni ukutani. Pauni 120 kwa kile walichokiita sevisi kamili. Tukapewa karatasi mbili zilizochapwa vizuri, kila mstari una alama ya vema: oili mpya, filta mpya. Sasa, fundi wetu alipokuwa ameifunga ile filta ya zamani, sisi kwa tabia yetu ya uandishi tuliiandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Tulipofika nyumbani tukafunua boneti, tukamulika kwa tochi. Tarehe yetu ilikuwa pale pale, katika mwandiko wetu mbaya. Tuliporudi walituomba radhi, wakasema ni bahati mbaya ya kijana mgeni kazini, wakabadilisha. Huenda ni kweli. Lakini tuliondoka tukijiuliza ni wangapi wasioandika tarehe kwenye filta zao.

Kwa hiyo anayetwambia karatasi peke yake inatosha, tunamwonyesha ile karatasi, bado tunayo.

Kule nyumbani utaratibu ulikuwa mwingine, na tukiutazama kwa mbali tunaona ulikuwa na akili yake. Unanunua galoni dukani ukihakikisha kizibo hakijaguswa, unampelekea fundi chini ya mwarobaini, unasimama juu ya kichwa chake mpaka tone la mwisho. Galoni tupu wajuzi walikuwa wakilitoboa kwa msumari, lisije likajazwa takataka na kuuzwa tena kama jipya. Oili chafu nayo haitupwi, kuna mtu anaisubiri akapake mbao zisiliwe na mchwa. Huku ughaibuni tumeacha kusimama juu ya kichwa cha fundi. Tumepewa kiti na kahawa, na ukuta katikati.

Jambo jingine tulilobeba kutoka nyumbani, na hili linatuponza, ni kudhani oili ni oili. Wengi wetu tumekulia kwenye 20W-50, nzito kama asali, na ilifaa kwa injini zile na joto lile. Lakini hiyo W ni ya majira ya baridi: namba iliyo mbele yake, kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyotiririka upesi injini ikiwa ya baridi. Magari mengi ya siku hizi, na hizo Prius zenyewe, yanataka 0W-20 nyepesi. Dizeli zenye chujio la masizi kwenye ekzosi zinataka oili yenye majivu kidogo, la sivyo chujio linaziba, na bei ya chujio hilo itakutoa machozi. Na ziko injini ndogo za petroli ambazo mkanda wake wa taiming unaoga ndani ya oili. Mtie oili isiyo yake, mkanda unamomonyoka, vipande vinaziba njia ya oili, na injini inakufa bado ina sura ya ujana. Yote haya yameandikwa katika kile kitabu kinachokaa kwenye droo ya gari bila kufunguliwa. Fundi asiyeuliza namba hizo wala kutazama kitabu, awe wa kwetu au wa kwao, si wa kumpa gari.

Wengine wanang'ang'ania kwa wakala kwa hofu kwamba wakienda pengine watapoteza dhamana ya kiwanda. Hofu hiyo imepitwa na wakati. Hapa Uingereza, tangu kanuni za Ulaya za mwaka 2002, na sasa kwa amri ya Uingereza yenyewe iliyoanza Juni 2023, mwenye gari anaweza kufanya sevisi kwenye gereji huru na dhamana yake ikabaki, maadamu ratiba ya kiwanda inafuatwa, oili na spea ni za kiwango kinachotakiwa, na ushahidi upo. Wenzetu wa Marekani wanayo sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1975. Isipokuwa msichanganye: zile dhamana za nyongeza ambazo mawakala wengine hutoa kila unapofanya sevisi kwao, hizo ni zao, ukihama umeziacha. Na zile za kununua kwa mwezi, kama ya mwenzetu, zina masharti yake, yasomwe kabla ya kutia sahihi.

Halafu kuna wale wanaosema, gari langu limepita MOT, sina wasiwasi. Ndugu zetu, MOT inatazama breki, taa, matairi, moshi na mengine ya usalama. Hali ya injini haimo. Unaweza kupita MOT asubuhi ukanoki jioni.

Sisi tumeamuaje? Tumerudi yadini, ila kwa masharti. Oili inunuliwe kwa namba ya kitabuni, kutoka duka linalojulikana. Kizibo kifunguliwe mbele yetu, filta ya zamani tukabidhiwe mkononi, na maili ziandikwe kwenye karatasi yenye jina la gereji na sahihi. Oili chafu iende kwenye pipa lake katika kituo cha taka cha halmashauri au kwa mchukuzi mwenye kibali, maana kuimwaga kwenye mfereji hapa ni kosa la jinai. Na bei ya udugu tumeiacha. Hatuwezi kumlipa mtu nusu ya stahiki yake halafu tukataka kazi kamili.

Tulipomweleza fundi, mwanzo uso ulimbadilika. Akauliza, "Kwa hiyo na wewe kaka huniamini?" Tukamwambia tunamwamini, na ndiyo maana tumerudi, na kwamba kama angekuwa na kitabu cha risiti mwezi uliopita, leo pasingekuwa na mtu wa kumsema.

Jumamosi iliyopita tulikwenda. Kitabu kipo, kipya, kimeshaanza kupata alama za vidole vyeusi. Bei imepanda kutoka pauni 40 hadi 65, na tumesikia wapo waliokwisha kuhama kwa ajili hiyo. Mwenzetu wa Prius sasa anabeba maboksi ghalani zamu ya usiku, akikusanya pesa za injini ya mkono wa pili. Fundi amesema atamfungia bila malipo ya kazi, injini ikipatikana.