Denge si Malaika, Wala Hatumtaki Awe

Maneno yamezidi, na sisi tumenyamaza vya kutosha. Wako watu wenye heshima zao ambao kila itajwapo filamu ya Vuta N'Kuvute hukunja uso kama waliolamba shubiri. Wanasema filamu ile imetuvunjia heshima. Huyu Denge, wanauliza, ni mpigania uhuru wa namna gani? Hana kazi, hana kwake, leo analala hapa na kesho pale. Ukimtaka, katafute nyumbani kwa Mwajuma, pahala pa ngoma na vileo. Anampenda binti wa watu ilhali hana cha kumpa ila karatasi zake za siri na khatari ya kufungwa. Ati hii ndiyo sura ya wazee wetu ya kuwapelekea walimwengu?

Ndugu wasomaji, swali hili si la filamu tu, na kwa hivyo twalijibu katika gazeti la chama. Ni swali la nani aliyeleta uhuru, nani aliyelipa gharama yake, na nani leo ana haki ya kuulizwa.

Kwanza tuweke khabari sawa, maana wengi wanaolaumu hawakusoma kitabu wala hawakuona filamu. Vuta N'kuvute ni riwaya ya Adam Shafi, mwana wa Unguja, yule yule aliyetuandikia Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979. Riwaya hii ilitoka mwaka 1999. Amil Shivji akaifanya filamu, kwa Kiswahili, hapa hapa Unguja. Gudrun Columbus Mwanyika ndiye Denge, Ikhlas Gafur Vora ndiye Yasmin, na Siti Amina, mwimbaji wetu wa taarab, ndiye Mwajuma. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, Septemba 2021. Mwaka 2022 Tanzania iliichagua kuwa filamu yake ya kushindania tuzo ya Oscar, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Tuzo haikuja. Sisi hatulii kwa hilo. Filamu haikuwa yatima ya kungoja kupakatwa na Wamarekani ndipo ipate mama.

Sasa tumtazame huyo Denge. Katika riwaya ni kijana aliyekwenda kusoma Urusi, akarudi na elimu yake, na serikali ya kikoloni ikamfungia kila mlango. Elimu aliyokuwa nayo haikuwa ile iliyotakiwa. Hivyo ndivyo mtu alivyofanywa mhuni katika zama zile: ananyimwa kazi, kisha anaulizwa kwa nini hana kazi. Ananyimwa pa kukaa kwa kuwindwa usiku na mchana, kisha anaulizwa kwa nini hana kwake. Inspekta Wright na Koplo Matata wako nyuma yake, na kosa lake kubwa ni makaratasi. Naam, makaratasi!

Asidhani kijana wa leo kwamba mwandishi alitia chumvi. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa katika gazeti la Al Falaq. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru kuanza kunukia, Abdulrahman Babu alihukumiwa kifungo kwa kosa la namna hiyo hiyo. Katika nchi ambayo sentensi moja ilitosha kumpeleka mtu gerezani, mlitaka nani abebe gazeti lililokatazwa chini ya shati? Karani mwenye pensheni? Mwenye duka aliyekuwa akingoja leseni kwa Mwingereza? Wako makarani na wenye maduka waliosaidia, na Mungu atawalipa. Lakini kazi ya usiku ilifanywa zaidi na wale ambao mchana hawakuwa na pa kwenda. Mwenye nguo nyeupe huchelea tope.

Wanasema pia kwamba kitabu kina kicheko kingi mno kwa jambo zito kama ukombozi. Hapa ndipo tunapojua kwamba hawakukielewa. Adam Shafi anamcheka Koplo Matata, askari anayehangaika mitaani kumwinda kijana mmoja kana kwamba dola nzima ya Kiingereza imening'inia juu ya mabega yake. Msomaji anacheka, kisha kicheko kinamkwama kooni. Kwani Matata ni nani? Si Mwingereza. Ni mwenzetu, aliyevishwa sare ili amkamate mwenzetu. Wright anakaa juu ya kiti na Matata anakimbia juani. Kicheko hicho ni kichungu, na uchungu wake ndio dawa yake.

Tena kicheko cha namna hiyo hakikuja na meli. Unguja tumekunywa maziwa pamoja na hadithi za Abunuwasi, mwongo na mjanja, ambaye hakuna aliyemwita mtu mwema na hakuna asiyefurahi akimshinda mfalme. Na Ng'ambo ile ile ya Mwajuma ndiko alikoimba Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri. Mabibi na mabwana walikwenda kumsikiliza Siti ili wapate habari ya yaliyotendeka mahakamani. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mwuaji aliyemuua mwanamke akakimbilia Bara, huku hakimu akiwatia hatiani wale waliokwenda kutoa ushahidi. Mwanamme alikwenda zake, na wanawake wakalipa. Watu waliuimba, wakacheka na wakalia kwa pamoja, na kila aliyeuimba alikuwa akiihukumu mahakama iliyohukumu.

Basi tukifika hapo, hatuwezi kumkwepa Yasmin. Na hapa, wenzetu wenye heshima, tusikilizeni vizuri.

Katika riwaya, Yasmin ana miaka 15. Anaozwa Bwana Raza, mwenye duka, ambaye ana miaka 52. Msichana hakuulizwa. Anapomkimbia mume huyo na kurudi Unguja, mjomba wake Gulamu anamfungia mlango. Jamaa zake, ambao walikuwa na mlango, wanamtupa. Mwajuma, ambaye hana kitu, anampokea. Tumewasikiliza wanaosema Denge ametutia aibu, na hatujapata kumsikia hata mmoja wao akisema Bwana Raza ametutia aibu! Mzee wa miaka 52 kumwoa mtoto wa miaka 15 ni jambo la kawaida machoni mwao, kwa kuwa lilifanywa kwa mahari, kwa mashahidi na kwa sahani za pilau. Kijana asiye na kazi kupendwa na mwanamke aliyechagua kupenda, hilo ndilo balaa. Nyani haoni kundule.

Lakini sisi si mawakili wa Denge, na hatutamsafisha. Denge anampenda Yasmin, na bado kazi ya siasa inamla yeye, nayo inamla Yasmin pamoja naye. Anamwacha akingoja. Anamtia katika khatari aliyoichagua yeye. Akifungwa na akitoroka, hesabu inabaki mlangoni mwa mwanamke, na mwisho wa riwaya si harusi ya Denge na Yasmin. Jina lenyewe la kitabu limesema kila kitu: vuta nikuvute. Mwingereza anavuta huku na wapigania uhuru wanavuta kule, jamaa wanavuta na mapenzi yanavuta, na kamba inapokazwa hivyo anayekatika mikono ni yule aliyewekwa katikati. Wanawake wa Ng'ambo walificha watu, walificha karatasi, walipika chakula cha mikutano na kusema uongo mbele ya askari kanzu bila kukopesa. Ni mitaa mingapi yenye majina yao? Tuhesabu, na aibu ituingie hapo, mahali pake.

Kwa hiyo kosa letu na filamu, kama tunalo, ni kinyume cha kosa la walalamikaji. Wao wanasema imemchafua Denge. Sisi twaona imemsafisha kidogo. Amil Shivji amepiga picha za usiku wa Unguja kwa uzuri unaotuliza moyo, na katika uzuri ule kicheko kikali cha kitabu kimepungua, na Denge wa filamu amekuwa mpole kuliko Denge wa kurasa. Mapenzi yamepewa nafasi kubwa na Koplo Matata amepoteza nafasi yake. Saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya nzima, hilo twalijua. Hata hivyo filamu imefanya jambo moja ambalo darasa halikulifanya: imemweka Yasmin mbele ya macho yetu kama mtu, mwenye njaa yake na uamuzi wake.

Maana darasani tumefanya nini na kitabu hiki? Kimekuwa miongoni mwa vitabu vya kidato cha tano na cha sita, na hilo ni jema. Lakini vijana wanafundishwa kukariri: Denge ni mzalendo, Denge ni jasiri, Denge anafaa kuigwa na jamii. Alama tano. Kijana anatoka katika chumba cha mtihani akiwa amefaulu, naye hajaulizwa hata siku moja kama mzalendo anaweza kumkosea mkewe, kama jasiri mbele ya Inspekta anaweza kuwa mwoga mbele ya mwanamke anayemngoja. Huko ni kumpaka mtu chokaa kama kaburi. Na kaburi, hata likipakwa chokaa namna gani, halisemi na mtu.

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi wanachama. Taifa linalotaka mashujaa wasio na doa hupata mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili ni maafa. La kwanza, huwatupa nje ya historia watu wa kweli walioifanya: makuli, walevi walioacha ulevi na walioshindwa kuuacha, wanawake walioitwa majina mabaya, vijana wasio na anwani. La pili, wale wachache wanaobaki hufanywa malaika, na malaika haulizwi hesabu. Akikosea, kosa hupewa jina zuri. Anayeuliza huitwa msaliti.

Adam Shafi analijua hilo kuliko sisi. Baada ya Vuta N'kuvute aliandika Haini, iliyotoka mwaka 2003, kitabu cha mateso ya watu waliotiwa kizuizini baada ya kuuawa kiongozi wa nchi. Kila Mzanzibari mwenye umri anakumbuka tarehe 7 Aprili 1972, siku alipouawa Mzee Abeid Amani Karume, na anakumbuka pia siku zilizofuata. Visomwe vitabu hivyo viwili kwa pamoja. Katika kimoja, mwenye kuuliza anawindwa na Mwingereza. Katika kingine, Mwingereza amekwisha ondoka, na mwenye kuuliza bado anawindwa. Mwandishi aliyetupa Denge mwenye makosa alikuwa akituonya mapema: mkiwasamehe mashujaa wenu kila kitu kwa kuwa walipigana, mtaishi kuona funguo zile zile za gereza katika mikono mingine.

Twasema wazi basi: aliyeipigania nchi hakuinunua nchi. Tunamheshimu Denge kwa sababu alikuwa na makosa na bado alibeba gazeti. Heshima hiyo haimfutii deni lake kwa Yasmin. Na chama kinachoweza kuyasema maneno haya mawili kwa pumzi moja ni chama kilicho hai.

Iliyobaki ni kazi. Wakati wa ukoloni serikali ilikuwa na gari la sinema lililozunguka mashamba kuwaonyesha wananchi yale ambayo mkubwa alitaka wayajue. Mjini, Majestic iliyojengwa upya mwaka 1955 ilijaa, na Empire ya Darajani nayo, na Cine Afrique. Leo Empire imegeuka duka, na nyumba zile zimebaki katika mazungumzo ya wazee. Tamasha la ZIFF, lililoanza miaka ya 1990, huja kila mwaka pale Ngome Kongwe, nasi twalishukuru. Lakini bibi wa Makunduchi hatapanda gari usiku kuja Forodhani kutazama hadithi ambayo huenda ni yake.

Kama Mwingereza aliweza kupeleka gari na shuka nyeupe mpaka vijijini kutufundisha utii, matawi yetu yanashindwa nini? Waombwe wenye filamu idhini, ilipwe haki yao, ifungwe shuka Nungwi, Chwaka, Donge, Kizimkazi na katika viwanja vya Michenzani, ambako Ng'ambo ya zamani ilivunjwa kupisha majumba marefu. Filamu ikisha, taa zisizimwe na watu wasitawanywe. Mwenyekiti wa tawi akae kimya, kwa mara moja, na wapewe nafasi ya kwanza kusema wale wanawake waliokaa nyuma. Waulizwe: Denge huyu mnamjua? Na Mwajuma je?

Watakayoyasema hayatapendeza masikio yote. Yaandikwe hivyo hivyo yalivyosemwa, yaletwe kwetu, nasi tutayachapa.