Moyo Ulioshtuka Si Uvivu



Upo ugonjwa ambao mabwana wengine huuita uvivu. Mama mpishi au mfagiaji apata habari ya msiba; mara kifua chabana, pumzi yakata, aanguka. Baada ya siku chache aonekana mzima, naye msimamizi asema, "Alikuwa akilia tu." Neno hilo twalikataa.

Madaktari wa Japani waliueleza ugonjwa huu mwaka 1990 wakauita takotsubo, yaani chungu cha kunasia pweza, kwa kuwa chumba cha kushoto cha moyo, kile kisukumacho damu mwilini, huvimba kikafanana na chungu hicho. (Sisi wa Ziwa Turkana pweza hatumjui, lakini mtego wa samaki twaujua.) Mshtuko mkubwa humwaga damuni homoni nyingi za hofu, na nyama ya moyo hulegea kwa muda, ingawa mishipa yake haikuziba. Karibu wagonjwa 9 katika 10 ni wanawake, hasa waliopita umri wa kuzaa. Baada ya tetemeko la Niigata, mwaka 2004, wagonjwa wa namna hii waliongezeka huko. Wengi hupona kwa majuma machache, wachache hufa.

Na kwetu mishtuko si haba. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, na mshahara wa mtu mmoja Kakuma ukalisha boma zima Nariokotome. Simu ikilia usiku, nani hashtuki?

Abanwaye kifua asiachwe kitandani eti ni huzuni. Dalili ni zile zile za mshipa ulioziba, na hospitali tu ndiyo iwezayo kutofautisha. Kutoka Nariokotome hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 100. Basi gari la kazini litolewe mara moja, bila kungoja sahihi ya mkubwa.

Tena kuna habari ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mgonjwa aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Moyo utakao majuma manne utafanyaje na siku 14? Mama atarudi jikoni kubeba masufuria kabla hajapona, kwa kuogopa njaa ya watoto.

Mapatano yajayo na waajiri yaandike siku zaidi, na cheti cha daktari kiheshimiwe hata kama mgonjwa atembea na kucheka. Wajumbe wa matawi waje na hoja hii mkutanoni.