Boti ya familia: Mwenye mtaji wa kati anunue ipi?

Mfanyabiashara wa Tabora aliyeuza vizuri tumbaku, asali au mbao, akishajenga nyumba na kununua gari la mizigo, aghalabu huanza kutazama pwani. Ana ndugu Bagamoyo au Dar es Salaam, watoto wanapenda bahari, na rafiki mmoja keshamwambia kuwa boti inalipa. Hesabu inayopigwa ni rahisi: siku za sikukuu itembeze familia, siku za kazi ivue samaki. Fikra hiyo si mbaya. Inayoharibu mambo ni namna ya kununua, kwani mnunuzi huuliza bei ya boti akasahau kuuliza gharama ya maji chumvi.

Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilikwisha kutoa somo hili. Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 walikuwa na boti ya chuma ya vipande, wakaiacha kwa kukosa wapagazi wa kuibeba. Mwaka 1858 walifika Ujiji bila chombo. Speke alivuka ziwa kwenda kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, akarudi mikono mitupu baada ya wiki kadhaa, na mwishowe wakakodi mitumbwi kwa gharama kubwa. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1874 hakurudia kosa hilo: boti yake, Lady Alice, ilibebwa vipande vipande na ikaelea katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Wajerumani nao waliunda meli Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, wakaisafirisha kwa makasha hadi Dar es Salaam na kwa reli kupitia Tabora, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915. Ndiyo MV Liemba ya leo. Katika visa vyote hivyo, chombo chenyewe kilikuwa sehemu tu ya gharama. Fedha nyingine iliishia katika kukifikisha, kukitunza na kupata watu wa kukiendesha.

Swali la kwanza, basi, ni mahali. Kigoma iko karibu zaidi na Tabora kuliko bahari, na wapo wanaoshauri kununua boti huko kwa bei nafuu na kuileta pwani kwa lori. Ushauri huo haufai. Chombo cha ziwani hakikuundwa kukabili minyoo ya baharini inayotoboa mbao, maana minyoo hiyo haiishi katika maji baridi. Misumari ya kawaida inayodumu miaka ziwani huliwa na kutu upesi baharini. Hata kipande cha madini kinachofungwa kwenye mashine ili kiliwe badala ya mashine yenyewe hutofautiana: baharini ni zinki, ziwani aghalabu ni magnesiamu. Anayetaka boti ya Kigoma aitumie Kigoma, akikumbuka kwamba mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Hesabu ya mwaka lazima ibebe miezi kama hiyo isiyo na mapato ya uvuvi.

Swali la pili ni umbo. Ufuko wa Bagamoyo ni wa maji mafupi, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Tanzania hufika kiasi cha mita 3 hadi 4. Boti yenye mkuku mrefu, hata iwe nzuri namna gani, italala ubavu mchangani au itabaki nje ikisubiri maji. Kwa mtaji wa kati kinachofaa ni chombo cha mita 6 hadi 7, chenye tumbo pana na tako la kukaa mchangani bila kuanguka. Ngalawa ni rahisi na hustahimili mawimbi kwa sababu ya matengo yake, lakini nafasi yake ni finyu mno kwa mama na watoto. Boti ya mwendo kasi iliyotumika ng'ambo huvutia macho, ila hudai mashine kubwa na vipuri ambavyo fundi wa ufukweni hana.

Shindano la kweli ni kati ya mashua ya mbao na boti ya faiba. Mashua ya mbao ni nafuu kununua na fundi wa kuitengeneza yuko karibu. Mfanyabiashara wa Tabora ana hata faida ya kuijua mninga, mbao ya misitu ya kwao inayofaa kwa vyombo. Lakini mashua hudai kupandishwa pwani mara kwa mara, kusafishwa tumbo, kupakwa dawa na kutiwa kalafati upya. Faiba ni ghali mwanzoni, haitobolewi na minyoo, na ufa mdogo huzibwa kwa siku chache. Kwa mwenye chombo anayeishi ufukweni, mbao inatosha. Kwa anayeishi Tabora, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam, faiba iliyotumika lakini nzima ndiyo bora, kwa sababu husamehe uzembe wa wiki mbili ambao mbao haiusamehe.

Kukagua hakuhitaji utaalamu mkubwa. Mbao ichomwe kwa ncha ya kisu karibu na mkuku. Kisu kikizama, mnunuzi aage. Faiba igongwe kwa kifundo cha kidole tumbo lote. Panapolia pakavu pako salama, panapolia kama ngoma pameachana. Ubao wa nyuma unaobeba mashine utikiswe kwa nguvu. Mashine iwashwe ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha.

Hapo kwenye mashine ndipo akiba nyingi huzama. Mashine ya nguvu za farasi 40 ikikimbizwa kwa kasi kamili hunywa petroli kiasi cha lita 15 au zaidi kwa saa. Ya farasi 15 hunywa kiasi cha lita 5 hadi 7. Boti ya mita 6 isiyo na haraka inatosheka na hiyo ndogo, ikisaidiwa na tanga. Mashine ya kuchanganya oili na petroli hula mafuta zaidi kuliko ya kisasa, lakini mafundi wengi wa pwani wanaijua na vipuri vyake hupatikana. Kila ikirudi baharini isukwe kwa maji baridi. Asiyefanya hivyo asilaumu kiwanda.

Kwa sababu hiyo, mgawo wa busara wa kila shilingi 100 ni huu: 40 zinunue chombo, 30 mashine, 10 maboya ya kujiokolea, nanga, kamba na taa, na 20 zibaki benki kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Anayetia 80 kwenye chombo na mashine ya kuazima amenunua pambo la ufukweni.

Kisha kuna nahodha. Pwani mapato ya uvuvi aghalabu hugawanywa mafungu: la chombo, la mashine, la nyavu na la mabaharia, baada ya kutoa gharama za safari. Mwenye boti aliye bara asitegemee undugu peke yake. Mkataba uandikwe, daftari la mafuta na mauzo liwekwe, na fungu la matengenezo litolewe kabla ya faida. Ndugu wengi wamegombana kwa daftari ambalo halikuwapo.

Usajili na ukaguzi uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na atakayevua anahitaji leseni ya uvuvi. Wapo wanaoona taratibu hizi kuwa usumbufu. Wakumbuke MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018, vyombo vilivyozama vikiwa vimezidisha watu. Boti ndogo huzidishwa kwa urahisi zaidi, hasa siku ya Idi wageni wanapokuwa wengi. Idadi ya watu isizidi idadi ya maboya.

Mwenye fedha za kuweka miaka miwili bila kuzihitaji, na mtu mwaminifu wa kuishi karibu na chombo, anaweza kununua. Asiye na kimojawapo akodi mashua kila sikukuu, na mtaji wake aurudishe kwenye asali na mbao. Kukodi si umaskini, ni hesabu.