Kikombe Hakikuvunjika Chenyewe

Ndugu walimu, iko sentensi moja ambayo kila mmoja wetu ameipa alama ya sahihi mara nyingi zisizohesabika: “Kikombe kimevunjika.” Kisarufi haina kosa. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendeka, kiambishi kinapatana na ngeli yake, na mwanafunzi anastahili alama zake. Hata hivyo nimeanza kuiogopa, kwa kuwa hapa Buyenzi imetoka darasani ikawa falsafa. Mtaro umeziba. Kijana ameharibika. Mtihani umeshindikana. Mvua inyeshapo na maji yakaingia majumbani, yule yule aliyetupa taka mtaroni jana hushika tama akasema, “Imeandikwa.” Kila jambo limetendeka, wala hakuna aliyetenda.

Wapo walimu wenzetu wanaoitetea hali hii, tena kwa maneno ya kisomi. Nao wamo katika makundi mawili yasiyopendana, ila hukumu yao ni moja.

Kundi la kwanza husema kwamba hiari ya mwanadamu ni fikra ya kigeni, na kwamba Mswahili wa asili ni mtu wa kudura. Ushahidi wao ni methali: “Jitihada haiondoi kudura.” Nawaomba waisome tena kama walimu wa lugha. Methali inasema kwamba jitihada haiondoi kudura; haisemi kwamba kudura inaondoa jitihada. Inamwambia aliyekwisha kulima kwamba mvua si mali yake. Haimwambii asilime. Wahenga hao hao ndio waliosema “Ajizi ni nyumba ya njaa,” na ndio waliosema “Hiari yashinda utumwa.” Neno hiari tumelipokea kutoka Kiarabu, sawasawa na neno kudura. Iweje basi moja liwe letu na la pili liwe la wageni?

Wala si kweli kwamba dini yenyewe iliufunga mlango huu. Mjadala wa kadari ulipamba moto tangu karne ya kwanza ya Hijria. Hasan al-Basri, aliyefariki mwaka 728, anahusishwa na risala aliyompelekea Khalifa Abd al-Malik, akishikilia kwamba mja hawezi kumtwika Mwenyezi Mungu dhambi zake mwenyewe. Katika karne ya 10 al-Ash'ari, ambaye wanazuoni wengi wa Kisuni wa pwani yetu hufuata mafundisho yake, alitafuta njia ya kati: tendo huumbwa na Mungu, lakini mja hulichuma, na kwa kulichuma huko huulizwa juu yake. Mtu anaweza kulikubali jibu hilo au kulikataa. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba wanazuoni hao walikuwa wakimtafutia mzembe udhuru. Tena tukumbuke habari ya Khalifa Umar, aliporejea njiani asiingie Sham kwa sababu ya tauni, yapata mwaka 639. Abu Ubayda alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Aliamini kuandikiwa, na bado aligeuza njia.

Kundi la pili ni la vijana waliosoma sayansi. Hao hawataji kudura, hutaja ubongo. Husema kwamba mwaka 1983 Mmarekani Benjamin Libet alionyesha kuwa ubongo huanza kujiandaa kuusogeza mkono kabla mtu mwenyewe hajatambua kwamba ameamua. Husema pia kwamba Robert Sapolsky, mtaalamu aliyechunguza nyani nchini Kenya kwa miaka mingi, aliandika kitabu mwaka 2023 kukana kabisa kwamba mwanadamu ana hiari. Hoja hizo ni nzito, wala sitazicheka. Lakini nauliza: kusogeza mkono bila sababu yoyote kunafanana vipi na uamuzi wa mama anayepima kwa mwezi mzima kama auze cherehani yake amlipie mtoto karo? Libet mwenyewe aliona kwamba mtu bado ana nafasi ya kulizuia tendo kabla halijatoka. Na Sapolsky hatuambii tukunje mikono. Anataka tuache kuchukiana na tuyarekebishe mazingira yanayowaharibu watu. Vema. Lakini ni nani atakayeyarekebisha, kama si mtu aliyeamua kuyarekebisha?

Darasani mvutano huu tunao tayari. Tunapofundisha “Rosa Mistika” ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, wanafunzi hugawanyika. Wengine humlaumu Zakaria, baba aliyemlea bintiye kwa ukali uliomnyima uzoefu wa dunia. Wengine humlaumu Rosa. Mimi huwaachia wabishane, kwa sababu wote wana sehemu ya ukweli: malezi humsukuma mtu, ila msukumo si pingu. Ninachokataa ni jibu la mwanafunzi wa tatu, yule mvivu asemaye, “Ndivyo alivyopangiwa.” Huyo hajaisoma riwaya.

Nisijifanye msafi. Miaka kadhaa iliyopita mzazi mmoja alinijia kuuliza kwa nini mwanawe ameshindwa mtihani wa Kiswahili. Nilimjibu kwa upole, “Mzee wangu, hakujaliwa.” Akanishukuru akaenda zake, na mwaka uliofuata mtoto hakurudi shuleni. Ukweli ni kwamba muhula mzima sikuwa nimesahihisha daftari zake. Zilikaa juu ya kabati langu. Sentensi yangu haikuwa na kosa la sarufi, lakini ilikuwa uongo, nami nilimsingizia Mungu uvivu wangu mbele ya mtu aliyeniamini.

Na liko jambo zito kuliko daftari. Mauaji ya mwaka 1972 katika nchi hii tumezoea kuyaita kwa Kirundi ikiza, yaani balaa, neno lifaalo kwa tauni au ukame. Naelewa kwa nini wazee walilichagua. Maumivu hutafuta neno la kuyafunika. Lakini tauni haina mikono. Ya 1972, kama yale yaliyoanza 1993, yalitendwa na watu kwa watu. Tukimfundisha mtoto kwamba mambo hayo “yalitokea” tu, tunamfundisha kwamba yanaweza kutokea tena kama mvua, naye hatakuwa na la kufanya ila kutafuta mwavuli.

Anayeniambia kwamba yote yameandikwa, basi aniambie pia habari ya wale waliofungua milango. Hapa Buyenzi walikuwapo watu waliomficha jirani asiye wa kabila lao, hali wakijua kwamba wakigunduliwa watakufa naye. Kama muuaji hakuwa na hiari, basi na huyu hakuwa nayo. Kama hatumlaumu yule, hatuna haki ya kumshukuru huyu. Mimi siwezi kusimama mbele ya mama aliyeufungua mlango wake usiku nikamwambia kwamba mlango ulifunguka. La hasha! Aliufungua.

Ndugu walimu, sisemi kwamba mtu anaweza kila kitu. Hakuna aliyechagua wazazi wake, wala mtaa aliozaliwa, wala mwaka wa vita. Kiswahili kinalijua hilo, ndiyo maana kikatupa kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Lakini kimetupa pia kauli ya kutenda, na kutupa huko si kwa bure. Basi Jumatatu tuingie darasani na zoezi jepesi. Tuandike ubaoni: “Kikombe kimevunjika. Mtaro umeziba. Daftari hazikusahihishwa.” Kisha tuwaombe wanafunzi waziandike upya kwa kutaja mtendaji. Wakifika sentensi ya tatu, mwalimu asione haya kuwapa jina lake.