Jorge Costa hakufeli benchi

NDANI YA 18
Na Hamisi Mwinyi

Jorge Costa alipofariki dunia Agosti 5, 2025, akiwa na miaka 53, picha iliyorudi vichwani mwa wapenzi wa soka ilikuwa ile ya Gelsenkirchen, Mei 26, 2004. Porto wameichapa Monaco 3-0, na beki wao wa kati, mwenye kitambaa mkononi, ameinua Kombe la Ligi ya Mabingwa Ulaya. Ni picha nzuri, na ni haki yake. Lakini ukiishia hapo umesoma nusu ya maisha yake ya mpira. Nusu ya pili aliiishi benchi, na wengi wakiizungumzia husema kwa mkato tu: kama kocha, hakufika popote.

Leo napinga kauli hiyo.

Kwanza tukubaliane alikuwa nani uwanjani. Alizaliwa Porto mwaka 1971, akakulia katika timu za vijana za klabu hiyo, akaenda kukomazwa kwa mkopo Penafiel na Marítimo, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1991 alikuwa katika kikosi cha Ureno kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana mjini Lisbon kwa kuwashinda Brazil kwa penalti. Akiwa na Porto alibeba ubingwa wa ligi mara nane, Kombe la UEFA mwaka 2003 na Ligi ya Mabingwa mwaka uliofuata. Timu ya taifa aliichezea mechi 50. Mashabiki wa Porto walimwita Mnyama, na washambuliaji waliokutana naye hawakuhitaji kuelezwa sababu.

Ukali huo ulikuwa na gharama yake. Mwaka 2001, chini ya kocha Octávio Machado, alitolewa katikati ya mechi, akavua kitambaa cha unahodha na kukitupa chini. Hakupangwa tena. Akapelekwa kwa mkopo Charlton, Uingereza, na ilionekana kama safari yake Porto imekwisha. Januari 2002 klabu ikamkabidhi timu José Mourinho, na moja ya mambo aliyoyafanya ni kumrudisha Costa na kumvalisha kitambaa kilekile. Miaka miwili baadaye nahodha huyo alikuwa ameshainua makombe mawili ya Ulaya.

Sasa angalia kikosi hichohicho cha 2004 kwa jicho la ukocha. Mtu aliyekuja kufika mbali zaidi benchini hakuwa nahodha. Ni Nuno Espírito Santo, kipa wa akiba aliyekaa nyuma ya Vítor Baía, ambaye baadaye aliipeleka Wolves robo fainali ya Europa League na kuirudisha Nottingham Forest kwenye mashindano ya Ulaya. Sérgio Conceição, aliyejiunga na Porto Januari 2004, aliipa klabu hiyo ubingwa wa ligi mara tatu akiwa kocha. Nahodha wao, aliyekuwa sauti ya chumba cha kubadilishia nguo, hakupata kombe la aina hiyo.

Hapa ndipo wachambuzi wa vijiweni wanapokosea. Wanadhani unahodha ni nusu ya ukocha. Nahodha anaongoza kwa mwili wake: anarukia mpira wa juu, anamkemea mwenzake, anamfuata mwamuzi. Akiona upande wa kulia unavuja, anakimbia kwenda kuuziba mwenyewe. Kocha hana ruhusa hiyo. Lazima avumilie kumwona kijana wa miaka 20 akikosea jambo ambalo yeye angelifanya akiwa usingizini, halafu wiki nzima ifuatayo amfundishe bila kumvunja moyo. Kipa wa akiba huanza kujifunza subira hiyo mapema, kwa sababu kazi yake ni kukaa na kutazama.

Costa alijifunza akiwa tayari kazini. Alitundika daluga mwaka 2006 akiwa Standard Liège ya Ubelgiji, na Februari 2007 tayari alikuwa kocha mkuu wa Braga, moja ya klabu kubwa za Ureno. Alimaliza msimu katika nafasi ya nne. Oktoba mwaka huohuo kibarua kikaota nyasi.

Nyota wengi wakifika hapo huhamia kwenye studio za televisheni. Yeye alishuka daraja kwa hiari yake. Alikwenda Olhanense, klabu ya mji wa wavuvi wa Olhão, kusini kabisa mwa nchi, iliyokuwa haijaonja ligi kuu tangu msimu wa 1974/75. Mwaka 2009 akaipandisha ikiwa bingwa wa daraja la pili, na msimu uliofuata akaibakiza ligi kuu. Kwa watu wa Olhão, subira ya miaka 34 ilimalizwa na mtu aliyekuwa ameinua kombe kubwa kuliko yote Ulaya, ambaye sasa alikuwa akiwafundisha vijana wao kupanga ukuta.

Baada ya hapo begi lake halikukaa chini. Académica, kisha CFR Cluj ya Romania, ambako alitimuliwa zikiwa zimebaki mechi chache msimu wa 2011/12 kumalizika. Pazia lilipofungwa, Cluj walikuwa mabingwa, na sifa zikaenda kwa aliyepokea mikoba. Zikafuata klabu mbili za Cyprus, kisha akarudi Ureno kuinusuru Paços de Ferreira mwaka 2014 kupitia mechi za mchujo dhidi ya Aves.

Halafu akaja Afrika. Kwa wengi wetu jina lake lilikuwa limeshasikika zamani, na halikusikika kwa wema. Novemba 1996, baada ya Porto na AC Milan kutoka sare, mshambuliaji wa Milan kutoka Liberia, George Weah, alimpiga kichwa kwenye korido ya kuelekea vyumbani, akamvunja pua. Weah alifungiwa mechi sita za Ulaya. Alidai Costa alikuwa amemtolea matusi ya ubaguzi wa rangi. Costa alikana, na UEFA haikupata ushahidi wa kumtia hatiani. Jambo lile halikupata hukumu iliyowaridhisha wote, na sitajifanya ninayo. Lakini mwaka 2014 mtu huyohuyo alikabidhiwa timu ya taifa ya Gabon, yenye Pierre-Emerick Aubameyang kama nyota wake.

Fainali za AFCON 2015 nchini Guinea ya Ikweta zilianza kwa Gabon kuifunga Burkina Faso 2-0. Kisha wakafungwa na Congo Brazzaville, wakafungwa na wenyeji, wakafungasha virago hatua ya makundi. Mwishoni mwa 2016 Gabon ilimwondoa, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya nchi hiyo kuwa mwenyeji wa AFCON 2017. Akaletwa José Antonio Camacho kutoka Hispania. Gabon ikatoa sare tatu, ikatoka kwenye kundi bila ushindi mbele ya mashabiki wake. Ukimlaumu Costa kwa 2015, basi waulize pia waliodhani kubadilisha kocha mlangoni kwa mashindano ni dawa.

Alifundisha pia India, ambako aliifikisha Mumbai City nusu fainali ya ligi ya msimu wa 2018/19. Akarudi Romania, kisha Ureno, akizunguka kwenye timu ambazo bajeti yao haiwezi kuwabembeleza nyota. Mwaka 2023 alichukua AVS, klabu mpya iliyopiga kambi Vila das Aves, mji uleule wa Aves, timu aliyoinyima nafasi ya kupanda mwaka 2014. Msimu mmoja ulitosha. Walimaliza nafasi ya tatu daraja la pili, wakaitoa Portimonense kwenye mchujo, na soka ya ligi kuu ikarudi katika mji huo. Miaka kumi kabla aliufungia mlango. Safari hii alikuwa ndiye aliyeufungua.

André Villas-Boas, aliyewahi kuwa katika benchi la Mourinho, alikuwa ameshinda uchaguzi wa urais wa Porto Aprili 2024 na kuhitimisha miaka 42 ya Jorge Nuno Pinto da Costa. Akamwita nahodha wa zamani awe mkurugenzi wa soka la kulipwa. Costa akakabidhi AVS ikiwa ligi kuu, akarudi nyumbani. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo mshtuko wa moyo ulipomkuta katika kituo cha mazoezi cha Olival.

Tunapowapima makocha huwa tunauliza swali moja tu: ana makombe mangapi? Kwa swali hilo Costa anafeli. Ukiuliza timu ilikuwaje alipoipokea na ikawaje alipoiacha, utakuta klabu mbili zimepandishwa ligi kuu na nyingine imeokolewa isishuke. Hizo si ajira za kupewa kwa heshima ya jina. Olhanense hawakuhitaji picha ya Gelsenkirchen. Walihitaji pointi tatu kila Jumapili.

Nahodha anayestaafu leo na kutaka benchi, naomba asome ukurasa huu wa pili wa Jorge Costa kabla ya ule wa kwanza. Usisubiri simu ya klabu kubwa, na ikipigwa mapema usidhani umefika. Ukitimuliwa, shuka daraja, ukafanye kazi pale ambapo hakuna kamera. Na sisi mashabiki tuache kumwita mtu amefeli kwa sababu tu hakuwa Mourinho. Makocha wa aina ya Costa ndio wanaozifanya ligi ziwe na timu 18.