Siku Nne Zisizopigwa Picha

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, alisimama mbele yetu mtu mwenye elimu na heshima yake, akatuhimiza tutoe sadaka kwa ajili ya ndugu zetu wa kusini ambao tufani huwarudia mara kwa mara, jambo lililokuwa jema na la wajibu. Walakini, kabla ya mchango kuanza, alituasa tusifungue mikono kupita kiasi, kwa kuwa watu wa Msumbiji, kama alivyodai, wamekwisha kuzoea kulishwa, na tangu kimbunga Idai hawana kazi ila kukaa chini ya miti kungojea ndege za wageni ziwateremshie magunia. Wengi walitikisa vichwa kwa kukubali. Mimi nilitoka na ghadhabu ambayo haijaniondoka hata sasa, si kwa sababu neno lile lilikuwa geni masikioni mwangu, bali kwa sababu limekuwa la kawaida mno: hulisikia sokoni, hulisikia barazani, na aghalabu hulisikia kwa watu ambao hawajapata kulala hata usiku mmoja pasipo paa.

Dhana hiyo ni batili, na ubatili wake humdhihirikia mtu ye yote atakayekubali kuhesabu siku. Idai iliupiga mji wa Beira usiku wa Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, kwa upepo uliopita kilomita 150 kwa saa. Ikazima taa, ikanyamazisha simu, na haukupita muda barabara kuu iendayo bara ikakatika. Kisha mito ya Buzi na Pungwe ikafurika na kuigeuza nchi tambarare ya mkoa wa Sofala kuwa bahari, hata watu wakakaa juu ya mapaa na matawi ya miti pamoja na watoto wao. Rais Filipe Nyusi alipokwisha kuruka juu ya gharika ile na kuuambia ulimwengu kwamba waliokufa huenda wakapita elfu moja, ilikuwa Jumatatu, tarehe 18. Baina ya usiku ule na Jumatatu ile zimo siku nne. Namwuliza kila anayesadiki habari ya watu wanaongojea ndege: katika siku nne hizo, nani aliyewateremsha watoto mitini?

Waliowateremsha ni jirani zao. Walikuwa wavuvi wenye mashua za mbao, ambao baadhi yao hata nyumba zao wenyewe zilikuwa zimekwenda na maji, na ambao hawakutumwa na serikali wala kulipwa na shirika lo lote. Na mengi ya makundi ya watu wa Buzi yaliyopata kuifikia pwani ya Beira katika siku zile za dhiki yalifika ndani ya vyombo vyao. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Chimanimani nchini Zimbabwe, vilima viliporomoka usiku na mawe makubwa yakazifukia nyumba za Ngangu, madaraja yakavunjika, na waliochimbua waliofukiwa ni wenyeji, kwa majembe na kwa mikono mitupu. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika siku nne zile mwenyeji aliponea kwa mwenyeji mwenziwe, na mgeni alipofika aliwakuta wengi wakiwa wamekwisha kuokolewa.

Sikanushi kwamba helikopta zilikuja, na kwamba ziliokoa roho nyingi, na marubani wake wanastahili shukrani. Lakini mpiga picha naye huja kwa helikopta ile ile, na kwa hiyo hana awezacho kutuonyesha ila kile kilichotokea baada ya kufika kwake: mikono iliyoinuliwa, midomo iliyo wazi, magunia yanayoshuka. Siku nne za mwanzo mpiga picha huyo hakuziona. Ndiyo sababu mtu akaaye mbali huamini kwamba hazikuwako, na akaiamini mikono iliyoinuliwa kuwa ndiyo tabia ya taifa zima. Nami nachukizwa hapa na jambo jingine ambalo ni la kwetu sisi, nalo ni desturi ya wenye mali kutoa gunia la unga mbele ya kamera huku jina la mtoaji limeandikwa kwa herufi kubwa kifuani mwa mpokeaji. Hiyo ni dhila kwa fukara, na ingekomeshwa leo, hisani isingepungukiwa na kitu.

Hoja ya pili niliyoisikia, ambayo naona haya hata kuiandika, ni kwamba mkulima akipewa mahindi hatashika jembe tena. Idai iliangamiza mimea katika hekta zaidi ya 700,000 za Msumbiji, na iliiangamiza wiki chache tu kabla ya mavuno. Basi mtu aliyelima, akapanda, akapalilia mara mbili, akakesha kulifukuzia nyani shamba lake, na sasa amebakiwa na wiki kadha za kungojea avune, anachukuliwa jasho lake lote kwa usiku mmoja. Halafu mtu ambaye hajui jembe hushikwa upande gani anamwita mvivu kwa kuwa amepokea kibaba cha unga. Sijui insafu ya namna hiyo imetoka kitabu gani.

Tena husemwa kwamba watu hao ni wakaidi, kwa maana walihamishiwa nchi ya juu, kama kule Guara-Guara wilayani Buzi, nao wakarudi mabondeni. Wamerudi kulima! Udongo wenye rutuba uko bondeni, na mashamba yako bondeni, na kule walikopelekwa kuna kiwanja cha kujengea lakini riziki hakuna. Mtu hawezi kushutumiwa asubuhi kwa kukataa kazi na jioni kwa kuifuata kazi ilipo.

Yafaa pia tuikumbuke Beira na wilaya jirani zake baada ya maji kupungua, kipindupindu kilipozuka mwishoni mwa Machi na kuwapata watu zaidi ya 6,000. Chanjo zaidi ya 800,000 zilitolewa kwa muda wa wiki moja tu, na ijapokuwa dawa ilitoka nje, waliokwenda mtaa kwa mtaa kuwakusanya watu walikuwa wauguzi na watu wa kujitolea wa huko huko, ambao wengi wao jioni walirejea katika nyumba zisizo na mabati. Waliokufa kwa maradhi hayo hawakufika kumi. Na Harare, bibi mmoja mwenye umri uliopita miaka 70, alipokosa nauli, alijitwika furushi la nguo na vyombo akatembea masafa marefu kwa miguu mpaka kanisani palipokusanywa vitu vya kuwapelekea watu wa Chimanimani. Wa Maputo nao walijaza makontena ambayo yalipelekwa kwa bahari. Huo ndio umma unaosemwa kwamba haujui ila kupokea.

Na kama ni kupokea, tutazame walichopokea. Mwezi wa Aprili 2019 Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Msumbiji dola milioni 118, na habari hiyo ilienezwa kama habari ya huruma, ilhali zilikuwa mkopo. Mkopo usio na riba, nakubali, lakini mkopo, juu ya nchi iliyokuwa imekwisha kulemewa na madeni ya siri ya karibu dola bilioni mbili yaliyochukuliwa, baadhi yake, kwa kisingizio cha meli za kuvulia jodari. Walionusurika juu ya mapaa watalipa. Sielewi mtu alipaye huitwaje mwombaji.

Wala watu hawa si wageni kwetu. Kimbunga Kenneth, kilichofuata tarehe 25 Aprili mwaka ule ule, kilikuwa kimepita karibu na Ngazidja kabla ya kuipiga Cabo Delgado, na kisiwani Ibo, ambako kilibomoa sehemu kubwa ya nyumba, watu husema Kimwani, lugha iliyo jamaa ya Kiswahili. Lindi nayo ilipigwa na tufani mwezi wa Aprili 1952, na sijapata kusikia mtu akiwaita watu wa Lindi waombaji.

Kwa hiyo sadaka na ikusanywe, na isipunguzwe kwa nasaha ya mtu ye yote. Iende mbegu mapema, kabla unyevu wa gharika haujakauka ardhini, ziende misumari na mabati, na ziende fedha taslimu mikononi mwa wenye mashua na mwa wale waliowalaza jirani sakafuni mwao, ambao majina yao kila kijiji kinayajua. Nao wapewe bila ya hotuba.