Mnada ni Mwito: Nani Anausikia?

Kila msimu wa kahawa mjini Moshi neno "mnada" huwa midomoni mwa watu, na wengi hulichukulia kama jina la mahali tu. Kahawa "imekwenda mnadani", husemwa, kana kwamba imekwenda stesheni. Yafaa watumishi wa umma na walimu walitazame upya neno hilo, kwani ndani ya asili yake imo haki ambayo mkulima wa Machame au Rombo hajaipata kwa ukamilifu.

Mnada umetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuita kwa sauti. Ndilo lililozaa pia kunadi na mnadi. Waingereza walilichukua neno lao katika Kilatini, kutoka kitenzi chenye maana ya kuongeza. Waarabu nao, wanapoutaja uuzaji wa namna hii, hutumia zaidi neno la shina lile lile lililowapa Waswahili "zidi" na "zaidi". Wenzao walitazama bei inavyopanda. Waswahili walishika sauti.

Sauti peke yake, hata hivyo, si haki. Karibu na mnadi yupo dalali, ambaye jina lake ni ndugu wa "dalili", yaani mwenye kuonyesha. Huko Unguja, mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, madalali walizungusha binadamu mbele ya wanunuzi wakitaja bei. Aliyenadiwa alisikia kila neno, wala halikumfaa kitu.

Wakulima wa Kilimanjaro walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wapandaji kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, ili mtu asiuze mzigo wake peke yake mbele ya mfanyabiashara. Ushirika ulivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikaurudisha. Katika misukosuko yote hiyo shabaha ilikuwa moja: mwenye mali awe na kauli juu ya bei ya mali yake.

Lakini tazama safari yenyewe. Mkulima hupeleka kahawa iliyokaushwa kwenye chama cha msingi na kupata malipo ya awali. Kahawa hukobolewa, ikapungua uzito yapata sehemu moja ya tano. Hupangwa madaraja, huonjwa, kisha huorodheshwa kwa ajili ya wanunuzi wenye leseni. Bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa kila kilo 50. Baadaye yaja makato ya usafiri, ya kukoboa, ya ushuru na ya mikopo. Linapofika lile lililobaki, mwenye shamba hupokea shilingi asizoweza kuzifuatilia mpaka kwenye ule mwito wa kwanza.

Kule tambarare, kwenye mnada wa mifugo, mwenye ng'ombe husimama kando ya ng'ombe wake. Husikia bei, na isipompendeza humrudisha mnyama zizini. Mwenye kahawa husubiri mlimani. Awe mnadi ni mtu au ni chombo cha elektroniki, kwake ni mamoja, maana hayupo.

Si lazima kila mkulima ateremke Moshi, na hakuna ukumbi wa kuwatosha. Linalowezekana ni katibu wa chama cha msingi kubandika ukutani, kwa Kiswahili, siku ile ile habari inapomfikia: mzigo wa chama ulikuwa daraja gani, uliuzwa kwa bei gani, dola ilibadilishwa kwa shilingi ngapi, na kila kato limechukua kiasi gani. Afisa ushirika wa wilaya anayo mamlaka ya kuuliza endapo karatasi hiyo haipo. Nao walimu wanaweza kuichukua ikawa zoezi la hesabu darasani, kwani watoto wengi wa shule za huko mlimani ni wa wenye mibuni. Kugeuza dola kuwa shilingi na kutoa makato si kazi ya kumshinda mwanafunzi wa darasa la saba, mradi aletewe tarakimu.